Samaki wa Jumbe Sekiteke na Mtungi Uliombana

Paukwa.

Pakawa.

Hapana, hiyo si pakawa, hiyo ni miayo. Nimesikia sauti tatu tu, na moja ni ya mtu anayetafuna. Sogeeni karibu na moto, mwenye miguu mirefu aikunje, tuanze upya. Paukwa.

Pakawa.

Hapo sasa tunaelewana. Hapo zamani za kale, wakati wanyama walisema walichofikiri na watu walikuwa bado hawajajifunza kujifanya hawasikii, palikuwa na mji juu ya kilima cha mawe. Mji huo uliitwa Kwamabwe. Ulikuwa na nyumba nyingi, mbuzi wengi na maneno mengi. Kilichokuwa kichache ni maji. Kisima kilikuwa kimoja, chini kabisa ya kilima, na kila tone lililonywewa kule juu lilikuwa limepanda juu ya kichwa cha mwanamke.

Mtawala wa Kwamabwe alikuwa Jumbe Sekiteke. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tumbo lililotangulia, na akili iliyofuata nyuma kwa mwendo wake yenyewe. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: akisikia mtu mwingine ana kitu ambacho yeye hana, chakula hakipiti. Hasa mtu huyo akiwa Jumbe Lugome, mtawala wa ng'ambo ya mlima, ambaye alikuwa na tausi.

Jumbe Sekiteke alikuwa na washauri watatu. Mshauri wa kulia alitoa shauri. Mshauri wa kushoto alitoa shauri la kulipinga lile la kulia. Mshauri wa nyuma alikubaliana na wote wawili, na ndiye aliyenenepa kuliko wenzake.

Siku moja akapita mchuuzi kutoka mbali, amebeba chupa ya kioo yenye tumbo la mviringo. Ndani ya chupa mlikuwa na kambare mdogo, mweusi, urefu wa kidole, na sharubu kama za mzee aliyekosewa adabu.

“Samaki gani huyu?” Jumbe akauliza.

“Samaki wa pambo,” mchuuzi akasema. “Haliwi. Unamweka kando ya kiti chako, wageni wanamtazama yeye, na wewe unawatazama wageni.”

“Na akikua?”

Mchuuzi akacheka kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo katika miji mingi. “Jumbe wangu, samaki hukua kwa kadiri ya chombo. Chombo kidogo, samaki mdogo. Ukimwacha ndani ya chupa hii, atazeeka akiwa saizi ya chupa.”

Jumbe akageukia washauri wake.

“Ni kweli,” akasema wa kulia. “Hata mimi nimewahi kusikia.”

“Mimi sijawahi kusikia,” akasema wa kushoto, “kwa hiyo lazima ni jambo la siri, na mambo ya siri ndiyo ya kweli.”

Wa nyuma akatikisa kichwa mara mbili, mara moja kwa kila mmoja.

Mbuzi wawili wakatoka zizini, chupa ikaingia barazani. Mchuuzi akateremka kilima upesi kuliko alivyokipanda.

Basi Jumbe akampa samaki jina la Johari, akamweka kando ya kiti. Wageni walikuja, wakatazama, wakaguna. Jumbe akafurahi mpaka akaanza kumlisha kwa mkono wake mwenyewe: makombo ya nyama, makombo ya ugali, mara mchwa, mara kumbikumbi. Samaki alikula kila alichopewa. Ulipoisha mwezi akatoa kichwa juu ya maji.

“Jumbe,” akasema, “hapa pananibana.”

“Haiwezekani,” Jumbe akasema. “Chupa ni ile ile.”

“Chupa ni ile ile,” samaki akakubali. “Mimi siye yule yule.”

Jumbe akachungulia. Kweli, mkia ulikuwa umegusa kioo cha upande huu na sharubu zimegusa kioo cha upande ule. Akaagiza bakuli kubwa la mti walilotumia kunawishia wageni, samaki akahamia humo. Mwezi wa pili, mgeni mmoja mwenye macho mabovu akanawa na samaki. Alimsugua vizuri sana, mpaka mkiani, akishangaa jinsi sabuni ya Kwamabwe isivyotoa povu.

Samaki akatoa kichwa. “Jumbe, hapa pananibana. Na isitoshe, nanawiwa.”

Jumbe akaagiza sufuria ya harusi, ile moja iliyokuwa ikipikia mji mzima. Wachumba wawili waliokwisha kuwekewa siku wakaambiwa wasubiri, kwa sababu sufuria ina mtu. Wakasubiri. Mwezi wa tatu, samaki akatoa kichwa, safari hii na mabega, kama samaki wangekuwa na mabega.

“Jumbe, hapa pananibana.”

“Wewe unafanya makusudi,” Jumbe akasema.

“Nakula unachonipa,” samaki akasema. “Sina kazi nyingine.”

Ndipo Jumbe akamwita Bi Sikudhani.

Bi Sikudhani alikuwa mfinyanzi, mjane wa makamo, mwenye mikono mipana na maneno machache. Alikuwa na shimo la udongo chini ya kilima, karibu na kisima, alilorithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Kila chungu kilichochemka Kwamabwe na kila mtungi uliopanda kilima ulitoka katika shimo lile. Hakuwa na shamba wala mbuzi. Alikuwa na shimo.

“Shikamoo, Jumbe,” akasema.

“Marahaba, Bi Sikudhani. Nataka mtungi wa samaki.”

Bi Sikudhani akasogea karibu. Akainama juu ya sufuria. “Na wewe hujambo?”

“Sijambo, ila nimejikunja,” samaki akasema.

“Mama yako alikuwa na urefu gani?”

Samaki akafikiri. “Sikumwona wote. Alipita mbele yetu asubuhi moja, tukiwa wadogo. Nilipofumbua macho kichwa kilikuwa kimeshapita, na nilipochoka kutazama mkia ulikuwa haujafika.”

Bi Sikudhani akanyoosha mgongo. “Jumbe, huyu hafinyangiwi. Huyu anachimbiwa.”

“Anachimbiwa kaburi?” akauliza mshauri wa nyuma, aliyekuwa anasinzia.

“Lambo,” Bi Sikudhani akasema. “Usimpime jinsi alivyo leo. Mpime atakavyokuwa akimaliza kukua, kisha ongeza nafasi ya kugeuka. Ukimpima kwa leo utaniita tena kesho.”

“Nikimtia lamboni, nitamwonaje?”

“Utamwona akipenda.”

“Mimi ni Jumbe,” Jumbe Sekiteke akasema. “Simwoni samaki wangu kwa hisani ya samaki. Nifinyangie mtungi mkubwa kuliko wote waliowahi kuuona watu. Tumbo pana, shingo nyembamba, mdomo mdogo wenye nakshi. Uwe na sura.”

“Mdomo ukiwa mdogo, atatokaje?”

“Atoke aende wapi?”

Hapo, jamani, Bi Sikudhani alipaswa kukataa. Nawaambia ukweli, sitaki kumsafisha. Alipaswa kukataa, na hakukataa. Miaka yote ya maisha yake alikuwa akifinyanga mitungi ya aina moja, kwa ukubwa unaobebeka kichwani, na hata siku moja hakuna mtu aliyemwambia: nifanyie kikubwa, nifanyie cha ajabu, nionyeshe unachoweza. Mikono yake ikaanza kuwasha. Akajiambia kwamba huenda samaki hatakua sana. Akajiambia kwamba huenda mama yake alikuwa wa ukoo mwingine. Akajiambia kwamba, basi, mwenye samaki ndiye anayeamua. Akajiambia yote matatu, na yote matatu alijua ni uongo.

Akafinyanga miezi miwili. Aliweka pindi juu ya pindi la udongo, mpaka ikabidi asimame juu ya kinu ili afikie juu. Akaunakshi mdomo kwa mwiba. Akauchoma kwa kuni za siku tatu. Ulipopoa ulikuwa mwekundu kama jua linalochomoza, na ukiugonga kwa ukucha unalia kama kengele. Bi Sikudhani akauzunguka, akauzunguka tena, akakaa chini akalia kidogo, kwa furaha.

Wanaume kumi na wawili wakaupeleka kwa Jumbe. Hawakuweza kuuingiza. Mlango ulikuwa mwembamba.

“Mtungi upunguzwe,” akasema mshauri wa kulia.

“Nyumba ihamishwe,” akasema mshauri wa kushoto.

“Vyote viwili,” akasema wa nyuma.

Wakabomoa mlango pamoja na kipande cha ukuta. Tangu siku hiyo mlango wa Jumbe ukawa mkeka ulioning'inizwa, na kuku wa mji mzima wakawa wanaingia kumsalimia.

Samaki akatiwa mtungini. Akazunguka mara moja, akazunguka mara ya pili, akasema, “Kwa sasa hapa panafaa.” Jumbe alisikia “panafaa.” Bi Sikudhani alisikia “kwa sasa.”

Sasa ngoja niwaambie habari ya maji. Mtungi ule ulimeza mitungi sitini ya kichwani. Na samaki anaishi pale pale anapokula, kwa hiyo na haja zake, mnisamehe wenye chakula mkononi, anazimaliza pale pale. Siku ya nne baraza la Jumbe lilinuka mpaka mshauri wa nyuma akahamia mbele. Ilibidi maji yachotwe yamwagwe, na mengine sitini yapandishwe. Wanawake wa Kwamabwe wakapanda kilima, wakajaza, wakamwaga. Wakapanda tena, wakajaza, wakamwaga. Wakapanda tena, wakajaza, wakamwaga. Nyumbani kwao watoto walikuwa wanaoga kwa kikombe.

“Bi Sikudhani,” mwanamke mmoja akamwambia pale kisimani, “mtungi wako ni mzuri. Natamani ungekuwa mbaya.”

Bi Sikudhani akajitwisha mtungi, akapanda.

Jumbe ndiyo kwanza alikuwa anang'ara. Akampelekea Jumbe Lugome ujumbe: njoo uone samaki wangu, achana na kuku wako wenye manyoya ya rangi. Lugome akajibu kwamba atakuja mwezi ukiandama. Jumbe akazidisha chakula, ili samaki apendeze.

Zikiwa zimebaki siku tano, Bi Sikudhani alileta maji kwa zamu yake. Alipomwaga mtungi wake wa kwanza, akasikia sauti kutoka ndani, ndogo, isiyo na ubishi wake wa kawaida.

“Bi Sikudhani.”

“Abee.”

“Nimeacha kugeuka. Leo siku ya nne naangalia upande mmoja. Mkia wangu uko mahali fulani nyuma, lakini hatujaonana.”

Bi Sikudhani akapanda juu ya kigoda, akachungulia. Samaki alikuwa amejipinda kuzunguka tumbo lote la mtungi, kama kilemba. Ngozi ya ubavuni ilikuwa imechubuka kwa kusuguana na udongo. Akatazama shingo ya mtungi, na nakshi zake nzuri, na akapima kichwa cha samaki kwa jicho. Kichwa kilikuwa kipana kuliko mdomo. Samaki aliingia humo, ila kutoka asingetoka.

“Kwa nini hukumwambia Jumbe?”

“Nilimwambia. Alisema chupa ilikuwa ndogo, nikalalamika. Bakuli likawa dogo, nikalalamika. Sufuria ikawa ndogo, nikalalamika. Kwa hiyo tatizo ni tabia yangu.”

Bi Sikudhani akaenda kwa Jumbe. “Samaki anakufa,” akasema. “Inabidi tuvunje mtungi.”

“Usiutie hata ufa,” Jumbe akasema. “Lugome anakuja baada ya siku tano. Nimuonyeshe nini, vigae?”

“Utamuonyesha samaki aliyekufa?”

Jumbe akageuka kulia. “Anyimwe chakula,” akasema wa kulia, “atapungua.” Akageuka kushoto. “Atiwe siki,” akasema wa kushoto. “Mimi nimeona maembe yakitiwa siki yanasinyaa.” Akageuka nyuma. “Anyimwe chakula, apewe siki,” akasema wa nyuma.

“Umesikia,” Jumbe akamwambia Bi Sikudhani. Lakini hakumtazama usoni.

Bi Sikudhani akateremka mpaka kwenye shimo lake la udongo, akakaa ukingoni. Vizazi vitatu vya wanawake vilikuwa vimechimba pale, na shimo lilikuwa refu kuliko watu wawili na pana kama uwanja wa ngoma. Chini kabisa palikuwa na kidimbwi, na katika kidimbwi chura.

“Mbona leo huchimbi?” chura akauliza.

“Nawaza.”

“Waza upande ule, unanizibia jua.”

Bi Sikudhani akasogea. “Hayo maji yako yametoka wapi?”

“Mvua ya mwaka jana.”

“Mwaka jana, na hayajakauka?”

“Yakauke yaende wapi? Udongo wako haupitishi. Ungekuwa unapitisha, mitungi yako ingevuja, na ungekuwa unauza matambara.” Chura akapiga mbizi, akaibuka. “Kinachonikera mimi ni kisima. Maji yanafurika hatua arobaini kutoka hapa, yanamwagikia mawe, yanapotea, nami nakaa kwenye mate ya mwaka jana.”

Bi Sikudhani akatazama kisima. Akatazama shimo. Alikuwa ameona jibu, na hakulipenda. Shimo likijaa maji, udongo ungebaki chini ya maji. Huwezi kuchimba udongo ulio chini ya maji yenye kina cha watu wawili. Alikuwa anajiuliza kama atakuwa mfinyanzi tena.

Akainuka, akaenda kwa wanawake waliokuwa kisimani. “Dada zangu,” akasema, “nina kosa. Niliutengeneza ule mtungi nikijua utambana. Nataka tuchimbe mfereji kutoka hapa mpaka kwenye shimo langu. Tukimaliza, hakuna atakayempandishia samaki maji tena.”

Wale wanawake hawakuuliza swali la pili. Wengine walikuwa wamekwisha kushika majembe kabla hajamaliza kusema.

Siku mbili nzima hakuna maji yaliyopanda kilima. Jumbe aliamka hana maji ya kunawa, akaketi na matongo yake, akauliza wanawake wako wapi. Washauri wakamwambia wanachimba. Wanachimba nini? Hawajui, hawakuuliza. Siku ya tatu asubuhi maji yalikuwa yamefika kifuani mwa shimo na yanaendelea kupanda. Bi Sikudhani akachukua mchi wa kutwangia, akapanda kilima, na wanawake nyuma yake.

Jumbe alikuwa amesimama mbele ya mtungi, amenyoosha mikono.

“Bi Sikudhani, weka chini mchi.”

“Tafadhali pisha, Jumbe.”

“Ukiuvunja huu mtungi, utahama mji huu. Nimesema mbele ya washauri wangu.”

“Nitahama,” akasema. “Pisha nisije nikakugonga na wewe, maana sijazoea kuvunja.”

Jumbe akamtazama, akautazama mchi, akapisha, si mbali sana.

Bi Sikudhani akapiga mara ya kwanza. Mtungi ukalia kama kengele, haukupasuka. Akapiga mara ya pili. Ukalia, haukupasuka. Alikuwa ameufinyanga vizuri mno. Wanawake wakaona machozi yanamtoka, na hawakujua kama analia kwa ajili ya samaki au kwa ajili ya mtungi. Nadhani hata yeye hakujua. Akapiga mara ya tatu, kwa nguvu za mama yake na bibi yake, na mtungi ukafunguka katikati.

Maji ya mitungi sitini, ya siku tatu, na harufu yake, yakatoka kwa pamoja. Yakamchukua Jumbe pamoja na kiti chake. Yakamchukua mshauri wa kulia kwenda kushoto, na wa kushoto kwenda kulia. Mshauri wa nyuma akatoka kwa pale palipokuwa mlango, akiwa amekaa, na akateremka kilima mpaka chini, akawa wa kwanza kufika.

Samaki alilala sakafuni. Walikuwa hawajawahi kumwona wote kwa mara moja. Alikuwa mrefu kuliko watu wanne waliolala, na hata baada ya mtungi kuvunjika alibaki amejikunja vile vile, kwa umbo la mtungi.

“Jinyooshe,” Bi Sikudhani akamwambia.

“Nimesahau inavyofanywa,” samaki akasema.

Wakang'oa ule mkeka wa mlangoni, wakaulowesha, wakamlaza juu yake. Wanawake wanane wakashika, wakaanza kuteremka. Lakini mkeka ulikuwa mfupi. Kichwa kilibebwa, tumbo lilibebwa, mkia ukawa unaburuzwa kwenye mawe ya Kwamabwe, na kila jiwe linaacha alama.

Jumbe Sekiteke alikuwa ameketi kwenye matope, kofia haijulikani ilipo. Akaona mkia unapita mbele yake. Akaona damu kwenye jiwe. Alikuwa amemlisha samaki yule kwa mkono wake mwenyewe tangu akiwa saizi ya kidole. Akainuka bila kumwangalia mtu, akauinua mkia, akauweka begani, akafuata nyuma. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Jumbe wa Kwamabwe kubeba kitu kwenye njia ile. Nusu ya njia alikuwa anahema. “Hivi nyie,” akamuuliza mwanamke wa mbele yake, “mnapanda hapa na maji kila siku?” Mwanamke hakugeuka. “Tena tukipanda, Jumbe. Wewe unateremka.”

Wakamtia samaki majini. Akalala ubavu. Sharubu hazikutikisika. Wanawake wakasimama ukingoni, maji yanachuruzika kwenye khanga zao. Jumbe akaingia majini mpaka tumboni, akawa anamsukuma kidogo kidogo, kama mtu anayemwamsha mtoto.

“Johari,” akasema. “Johari, panatosha sasa. Jaribu.”

Muda ukapita. Kisha mkia ukatikisika, upande mmoja tu, upande aliouzoea. Kisha upande wa pili. Samaki akageuka taratibu, kwa maumivu, mpaka kichwa chake kikatazama kule mkia ulikokuwa. Akageuka tena. Akashuka chini, maji yakafunga juu yake, na chura akatoka mbio akilalamika kwamba hakuambiwa kama mgeni ni mkubwa kiasi hicho.

Kesho yake Bi Sikudhani alifunga mzigo wake, akaenda kumuaga Jumbe.

“Unakwenda wapi?” Jumbe akauliza.

“Ulisema nihame. Na shimo langu limejaa maji, sina kazi hapa. Ng'ambo ya mlima, kwa Jumbe Lugome, kuna udongo mzuri.”

Jumbe akakaa sawasawa. Aliona mtungi mwekundu, mkubwa kuliko ule, umesimama barazani kwa Lugome, na tausi amesimama juu yake. “Nani alisema uhame?”

“Wewe. Mbele ya washauri wako.”

Jumbe akawageukia. “Mlinisikia?”

“Maji yalikuwa masikioni,” akasema wa kulia.

“Masikio yalikuwa majini,” akasema wa kushoto.

Wa nyuma alikuwa bado hajarudi kutoka chini ya kilima.

Bi Sikudhani akabaki. Udongo alioupata pembeni mwa mfereji ulikuwa na mchanga, haukufaa mitungi mikubwa, kwa hiyo maisha yake yote yaliyobaki alifinyanga vikombe na vyungu vidogo. Wapo waliosema alipoteza kipaji.

Mwezi ukaandama, Jumbe Lugome akaja, na watu thelathini, na tausi. Jumbe Sekiteke akampeleka kwenye lambo, akampa kiti ukingoni. Lugome akatazama maji. Akatazama kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Maji yalikuwa maji.

“Sekiteke,” Lugome akasema mwisho, “nimetembea siku mbili nije kuangalia dimbwi?”

Watu wake wakacheka. Hata tausi akacheka, na sauti ya tausi mnaijua.

Mshauri wa kulia akamwinamia Jumbe sikioni. “Tumvue kwa wavu, Jumbe. Mara moja tu. Aonekane, kisha tumrudishe.”

Mshauri wa kushoto, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakubaliana na wa kulia. “Wavu uko tayari,” akasema.

Jumbe Sekiteke akautazama wavu. Akamtazama Lugome anavyojifuta machozi ya kicheko. Uso ulimwiva. Mkono wake ukainuka kidogo, kama wa mtu anayetaka kutoa amri, ukakaa hewani, kisha ukashuka gotini.

“Urudisheni huo wavu,” akasema.

“Lakini Jumbe, mgeni hajamwona.”

“Hajamwona,” Jumbe Sekiteke akasema, “kwa sababu panamtosha.”

Lugome akaenda zake, na katika miji yote ya ng'ambo ya mlima wakamcheka Sekiteke mwaka mzima, wakimwita Jumbe wa Dimbwi, wakaimba na wimbo. Yeye kila alasiri aliteremka kilima na kumbikumbi kwenye kiganja, akawamwaga majini, akangoja. Siku nyingine hakuna kilichotokea. Siku nyingine maji yalitikisika kidogo, akarudi nyumbani akaoga, kwa maji aliyoyapandisha mwenyewe.

Mimi hadithi yangu imefikia ukingo wake hapo, sina hatua nyingine ya kuwavusha. Aliye macho amwamshe aliyelala, tukalale.